Januari huja kila mwaka: majibu ya maswali yenu ya hela na kazi

Maswali yenu wa hapa Dodoma yamekuwa mengi safari hii, na mengi ni yale yale. Wanaouliza "nina milioni moja, nifanye biashara gani" wamekwisha kujibiwa hapa na jibu halijabadilika: sijui wewe ni nani, unaishi wapi, unaweza kazi gani, na milioni hiyo umeitoa wapi. Kama ni ya mkopo, irudishe. Kama ni yako, nunua daftari, andika mwezi mzima kila shilingi inayoingia na inayotoka, ndipo uniandikie. Asiyejua hela ya nyumbani kwake inaishia wapi, hela ya biashara nayo itaishia huko huko. Tuendelee na wengine.

"Mimi ni mtumishi, ofisi yetu iko Mtumba, nimepanga Ilazo. Mshahara ukiingia, kufika tarehe 5 sina kitu. Nina mkopo wa benki, na mwezi uliopita nilichukua laki tatu kwa mtu wa mtaani nilipe kodi ya nyumba. Nifanyeje niwe na nidhamu ya hela?"

Ndugu yangu, unalalamikia nidhamu, mimi naona kalenda. Hiyo kodi ya nyumba hukuambiwa juzi. Mwenye nyumba alichukua ya miezi sita, kwa hiyo tarehe ya kulipa tena ilijulikana tangu siku ulipoingiza godoro. Kama chumba na sebule ni laki moja na nusu kwa mwezi, miezi sita ni laki tisa. Laki tisa haziwezi kupatikana kwa mtu anayezikumbuka wiki moja kabla. Zinapatikana kwa anayetenga laki moja na nusu siku ile ile mshahara unapoingia, kabla hajanunua hata mkate, na kuziweka mahali ambapo simu yake haizifikii kirahisi. Dharura ni ajali, ugonjwa, msiba. Kodi, ada, sare za shule na sikukuu vina tarehe, na kitu chenye tarehe si dharura.

Tuutazame na mshahara wenyewe, maana watumishi mnapenda kutaja namba iliyo kwenye barua ya ajira mkaishi kana kwamba yote inafika mfukoni. Chukua mshahara wa msingi wa 800,000. PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi, wanachukua asilimia 5, yaani 40,000. Bima ya afya asilimia 3, yaani 24,000. Kodi ya mshahara ni kama 68,000. Kama ulisoma kwa mkopo, Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani 120,000. Hapo umebaki na 548,000 na bado hujakopa popote. Ukienda benki ukachukua mpaka mwisho, sharti la kubakiziwa theluthi moja ya mshahara wa msingi litakuachia kama 267,000. Afisa mikopo atakuambia "unakopesheka mpaka hapa," na watu wanasaini mpaka hapo hapo, kwa miaka saba. Theluthi ile iliwekwa ili mtumishi asilale njaa. Nyie mmeigeuza kuwa kipimo cha mkopo unaowafaa.

Sasa huyo mtu wa mtaani. Hujaniambia riba yake, na wanaoficha riba huwa wanajua kwa nini wanaificha. Wengi wa hao hutoza asilimia 30 kwa mwezi. Kwa laki tatu ni 90,000 kila mwezi, riba tupu. Ukilipa riba tu kwa miezi mitano umetoa 450,000 na bado unadaiwa laki tatu zile zile. Ndiyo maana mtaani wameiita kausha damu. Mkopeshaji mwenye leseni ya Benki Kuu ana ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi, ambayo kwa laki tatu ni 10,500. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ipo tangu 2018, na una haki ya kumwuliza anayekukopesha leseni yake iko wapi kabla hujaweka sahihi.

Nilipokuwa nahudumia wanachama kwenye chama kimoja cha akiba na mikopo hapa mjini, alikuja mwalimu mmoja, mama mtu mzima, kuomba mkopo wa kulipia mikopo. Nikamwomba ayataje madeni niyaandike. Akataja matatu. Tukaendelea kuongea, likaja la nne, la tano, tulipomaliza yalikuwa saba, na kwa mawili hakujua hata jina kamili la anayemdai. Kadi yake ya benki ilikuwa kwa mmoja wao, pamoja na namba ya siri. Siku ya mshahara alikuwa anapigiwa simu kuambiwa kiasi alichobakiziwa. Mtu aliyesomesha watoto wa wenzake zaidi ya miaka ishirini anasimuliwa mshahara wake na mkopeshaji. Nikiandika kwa ukali kuhusu jambo hili, ni kwa sababu namkumbuka yule mama.

Kwa hiyo, kama nawe umeacha kadi, kesho asubuhi nenda tawini uifunge na uombe nyingine. Deni utalilipa, lakini kwa mkono wako mwenyewe. Posho ya kwanza utakayopata iende yote kulifunga deni hilo, hata shilingi isipite dukani. Posho imewaharibu wengi hapa Dodoma. Mtu anapanga maisha kwa kutegemea safari na vikao, Bunge la bajeti linaisha, safari zinakauka, anarudi kukopa. Posho si mshahara. Ishi kwa mshahara; posho ifunge madeni au inunue kitu kitakachobaki.

"Kubeti kwa nidhamu, kwa mfano elfu mbili tu kwa siku, kuna ubaya gani?"

Elfu mbili kwa siku ni 730,000 kwa mwaka. Acha.

"Nimemaliza UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), naishi Makulu na rafiki yangu. Naomba kazi kila siku siitwi. Nisome vitabu gani vya mafanikio?"

Mdogo wangu, weka vitabu hivyo pembeni kwanza. Wengi wanaoniandikia swali lako wameshasoma vingi, na bado hawajui cheti chao cha kuzaliwa kiko wapi.

Fungua tangazo lolote la Sekretarieti ya Ajira, wala huhitaji kwenda mbali, ofisi zao ziko hapo hapo chuoni kwenu. Masharti hayabadiliki: barua ya maombi iliyotiwa sahihi, wasifu uliokamilika, vyeti vyenyewe vya shule na chuo, cheti cha kuzaliwa. Hati za muda za matokeo hazipokelewi. Watu wanaachwa kwa sababu barua haina sahihi, au jina la kwenye kitambulisho cha NIDA halifanani na la kwenye cheti cha kidato cha nne na hawakushughulika kulirekebisha mpaka tangazo lilipotoka. Hiyo nayo ni kazi yenye tarehe. Ifanye wiki hii, wakati hakuna anayekuharakisha.

Halafu jambo la pili, na hili litakuuma. Ukisema "naomba kazi kila siku" maana yake mara nyingi ni kushika simu kuanzia saa nne asubuhi. Kuomba kazi kuna saa zake. Jumatatu na Alhamisi asubuhi, saa mbili mpaka saa tano, fungua Ajira Portal, tovuti ya kuombea kazi za serikali, na kurasa za waajiri, tuma, andika kwenye daftari umetuma wapi, lini, nafasi gani. Ukiitwa kwenye usaili wa kuandika, hutaanza kujiuliza hii ndiyo ile niliyoomba mwezi gani. Siku zilizobaki toka nje. Mji huu unajengwa kila upande: maduka ya vifaa vya ujenzi, makandarasi wadogo, stoo za nafaka, mawakala wa mizigo. Wengi wao mahesabu yao yako kwenye vipande vya karatasi. Jifunze Excel mpaka uweze kumtengenezea mwenye duka jedwali la mali iliyoingia na iliyotoka, kisha nenda ukamwonyeshe. Hata akikulipa nauli na chakula tu kwa miezi miwili, una mtu wa kuandika jina lake kama mdhamini, na umezoea tena kuamka na kwenda mahali kwa wakati. Tabia hiyo ya pili inapotea haraka kuliko mnavyodhani. Nimekutana na wahitimu waliokaa nyumbani miaka miwili, wakipata kazi wanashindwa kuwahi saa moja na nusu.

Na yeyote atakayekuomba hela ili jina lako lipite kwenye usaili ni tapeli, hata kama anajua jina la baba yako.

"Ni kweli watu waliofanikiwa wote wanaamka saa kumi alfajiri?"

Wachoma vitumbua wa mtaani kwako wanaamka saa kumi kila siku ya Mungu, na wengine mtaji wao haujaongezeka kwa sababu hela ya unga na hela ya mboga ya nyumbani zinakaa kwenye pochi moja. Amka saa unayoweza kuamka kesho na keshokutwa pia. Kisha tenganisha hela.

"Nalima zabibu ekari mbili Hombolo. Tunavuna mara mbili kwa mwaka. Hela inakuja kwa mkupuo na inaondoka kwa mkupuo. Watoto wakifungua shule Januari mimi nakopa. Ninyi wa mjini mnasema mtu aweke akiba kila mwezi, sisi hatuna mshahara."

Shikamoo mama. Swali lako ndilo lililonifanya nikae chini kuandika, na una haki ya kutukasirikia. Mafundisho mengi ya hela yametungwa kwa ajili ya mtu wa mshahara, na huku kwetu wengi wanaishi kwa msimu.

Lakini mama, mshahara unaweza kujitengenezea mwenyewe. Sijui mwaka huu umeuza kiasi gani, tuseme mavuno ya Agosti na Septemba yamekupa milioni tatu baada ya kulipa wavunaji. Siku hiyo hiyo, kabla ndugu hawajasikia, igawe mara tatu. Ya kwanza ni ya shamba: samadi, dawa za ukungu, watu wa kupogoa. Tuseme laki tisa. Hiyo si yako, ni ya mizabibu, na ukiila utakwenda kukopa pembejeo kwa mtu atakayekuja kujipangia bei ya zabibu zako. Ya pili ni chakula. Sisi mvua yetu ni moja, Desemba mpaka Aprili, na njaa ya Dodoma inajulikana inauma miezi gani. Nunua mahindi mapema, wakati soko la Kibaigwa bado limejaa, uyahifadhi kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Tuseme laki sita. Anayesubiri mpaka Februari ananunua debe kwa bei ambayo ingemtosha madebe mengi zaidi wakati wa mavuno. Ya tatu ni milioni moja na nusu iliyobaki. Kati ya Septemba na mavuno ya Februari au Machi kuna kama miezi sita. Gawa kwa sita: 250,000. Huo ndio mshahara wako. Kila tarehe mosi unatoa 250,000, hutoi zaidi, na ikiisha tarehe 20 unasubiri kama mtumishi anavyosubiri.

Kuhusu Januari, sare, viatu, madaftari na mabegi vinunue Septemba, hela ikiwepo na maduka yakiwa matupu. Ada kwenye shule za serikali imeondolewa mpaka kidato cha sita, lakini hayo mengine hayajaondolewa, na kila muuza sare anajua Januari huna pa kukimbilia. Mtoto anakua, ndiyo. Nunua inayopwaya kidogo.

Onyo moja ambalo hukuniuliza. Usiuze zabibu zikiwa bado mtini kwa mtu anayekupa robo ya hela mkononi. Na usimkabidhi mzigo mnunuzi anayeahidi kulipa "wiki ijayo" bila karatasi yenye kilo, bei na sahihi, awe ametoka kiwandani au anunue kwa niaba ya nani. Zabibu hazingoji, na yeye anajua hazingoji. Mkiwa kikundi mkakamua mchuzi wa zabibu wenyewe mnapata siku za kupumua na kutafuta bei. Mkulima mmoja mmoja hana siku hizo.

"Nakimbiza boda Nkuhungu kwa mkataba. Bosi nampa elfu kumi kwa siku, Jumapili napumzika, miezi 14 pikipiki inakuwa yangu. Hesabu yake sijawahi kukosa, ila ya kwangu inayobaki siioni. Nimebakiza miezi miwili."

Hongera sana kaka, na nasema kwa dhati. Siku 26 kwa mwezi, miezi 14, ni 3,640,000. Umeshindwa kuweka akiba, unasema, na huku umemwekea mtu mwingine zaidi ya milioni tatu bila kukosa hata siku. Kwa bosi unaweza kwa sababu kiasi kinajulikana, saa ya kupeleka inajulikana, na yupo atakayepiga simu. Kwa hiyo mkataba ukiisha usisherehekee kwa kuiachia ile elfu kumi. Endelea kuitoa, saa ile ile ya jioni, ila sasa iende kwenye akaunti yako. Elfu saba yako, elfu tatu ya pikipiki yenyewe: tairi, cheni, oili, bima. Boda wengi hurudi kwenye mkataba mwaka unaofuata kwa sababu chombo kilikufa na hakikuwa na hela yake ya matengenezo.

Miezi hii miwili iliyobaki, usikose hesabu hata kwa bahati mbaya, na uwe na karatasi ya mkataba na kumbukumbu za malipo yote kwenye simu. Kuna mabosi wanaoanza ugomvi mwezi wa mwisho ili wachukue pikipiki.

"Ndani ya mwezi mmoja nimeletewa kadi nne za michango ya harusi, mbili za kichenpati na moja ya sendofu. Nikikataa naonekana mbaya."

Dada, tenga kiasi kimoja cha michango kwa mwezi, kiandike, kikiisha sema "mwezi huu nimeshindwa, nakuombea heri." Mtu anayekuchukia kwa hilo hakuwa anakupenda. Ugonjwa mkubwa ni ahadi. Watu wanaandika laki moja kwenye daftari la kamati ili wasomwe mbele za watu, kisha wanakimbia simu za mweka hazina mpaka wiki ya harusi, halafu wanakopa kwenye simu ili wapate kadi ya dabo. Toa elfu ishirini siku ile ile, taslimu, bila ahadi. Na wewe ukifika zamu yako, fanya harusi ya hela iliyopo.

"Kikoba chetu Chang'ombe kinagawana kila Desemba. Mwaka jana nilipata 1,200,000 ikaishia kwenye sofa na sikukuu. Niache kikoba?"

Usiache, kikoba kimefanya kazi yake. Wewe ndiye hukuwa umeamua Novemba hela inakwenda wapi. Safari hii, kabla ya mgawo, andika karatasi: ya Januari kiasi gani, ya mtaji kiasi gani, ya sikukuu kiasi gani. Inayobaki nunua vipande vya mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS. Mfuko wao wa Umoja ulianza 2005, si jambo geni. Ukitaka kuuza vipande unasubiri siku chache za kazi kabla hela haijafika, na siku hizo chache zinatosha hamu ya sofa kupita.

Umenitajia pia kwa kupita tu kwamba hela ya kikundi inakaa kwa mwenyekiti. Hilo ndilo ungeliuliza kwanza. Sanduku liwe na kufuli tatu na funguo kwa watu watatu wasiokaa nyumba moja, au hela iende benki kwa sahihi zaidi ya moja, na kikundi kisajiliwe halmashauri. Mwenyekiti akikasirika kwa kuambiwa hivyo, gawaneni mapema.

"Kuna kiwanja Nzuguni, dalali anasema nisipolipa leo kinachukuliwa. Nitoe akiba yangu?"

Hapana. Chukua namba ya kiwanja na kitalu, nenda ofisi ya ardhi ya jiji uulize ni cha nani na kama kina deni au kesi. Ongea na majirani wa pande zote nne. Muuzaji halali atakusubiri siku tatu. Akikataa kukupa hata namba, mazungumzo yameisha, na usimpe dalali nauli.